Yamezidi Kuliko Lini? Historia ya Kuhesabu Mafua

Mwezi Juni, miaka michache iliyopita, nilikuwa katika wilaya moja ya Nyanda za Juu Kusini, ambako asubuhi za majira hayo watu hutoka nje wakiwa wamejifunga mablanketi. Nilikwenda huko kwa jambo jingine kabisa, utafiti wa migogoro ya ardhi, lakini kikohozi kilinifikisha kwenye zahanati ya kijiji. Benchi lilikuwa limejaa akina mama waliobeba watoto wenye kamasi na vifua vilivyokuwa vikikoroma. Muuguzi aliyenihudumia, mama wa makamo aliyeonekana kuwa hajaketi tangu alfajiri, aliniambia huku akiandika, "Mwalimu, mwaka huu mafua yamezidi."

Kwa ile tabia yetu walimu ya kuuliza hata tunapoumwa, nikamwuliza, "Yamezidi kuliko lini, mama?"

"Kuliko mwaka jana."

"Mwaka jana mwezi kama huu walikuja wangapi?"

Akalitazama kabati, kisha akanitazama mimi. Daftari la mwaka jana lilikuwa limejaa, likapelekwa stoo, na stoo ilivuja masika. Muhtasari wa kila mwezi ulikuwa umetumwa wilayani kama inavyotakiwa, lakini nakala haikubaki kituoni. Mama yule hakuwa mzembe. Aliandika kila mgonjwa aliyepita mbele yake, jina, umri, kijiji na ugonjwa, na jioni alijumlisha. Alichokosa ni mwaka wa kulinganisha.

Ndugu msomaji, nimelibeba swali lile tangu siku ile, kwa sababu naamini ndani yake imo historia yote ya ufuatiliaji wa magonjwa ya njia ya hewa. Mafua hayafanani na kipindupindu. Kipindupindu kikiingia mahali, mgonjwa mmoja anatosha kupiga mbiu. Mafua yapo kila mwaka, yanaua kila mwaka, na wengi wa wanaokufa ni wale ambao kifo chao hakimshangazi mtu, yaani wazee, watoto wachanga na wenye maradhi ya siku nyingi. Kwa hiyo hatari yake haionekani kwa kumtazama mgonjwa mmoja. Huonekana pale tu idadi ya mwaka huu inapowekwa kando ya idadi ya mwaka wa kawaida. Nani anao mwaka wa kawaida, nani hana, na kwa nini? Jibu la swali hilo ni la kisiasa zaidi kuliko la kitabibu.

Tuanzie London, kwa kuwa huko ndiko hesabu hii ilikopata umbo tunalolijua. Tangu mwanzoni mwa karne ya 17 mji ule ulikuwa ukitoa kila wiki orodha za vifo zilizopigwa chapa na kuuzwa kwa watu. Waliokusanya habari hizo parokiani walikuwa wanawake wazee, wengi wao maskini, waliolipwa ujira mdogo ili waiangalie maiti na kutaja kilichomuua marehemu. Matajiri walizisoma orodha hizo ili wajue kama tauni inakuja na wakati wa kukimbilia mashambani umefika. Mwaka 1662 mfanyabiashara wa nguo aitwaye John Graunt alizichambua orodha za miaka mingi kwa pamoja, akaonyesha kwamba vifo vina mpangilio wake, kwamba kuna kiasi kinachotarajiwa na kiasi kinachokizidi.

Lakini aliyeligeuza wazo hilo kuwa kazi ya serikali alikuwa William Farr, mtoto wa familia maskini ya Shropshire aliyesomea utabibu kwa msaada wa wafadhili. Uingereza ilianza usajili wa kiserikali wa vizazi, ndoa na vifo mwaka 1837, na muda mfupi baadaye Farr akaajiriwa katika ofisi ya Msajili Mkuu. Alikaa pale takriban miaka 40. Jambo la kwanza alilolalamikia lilikuwa majina. Madaktari walikuwa wakiandika kila mmoja lake, ugonjwa mmoja ukiitwa kwa majina matatu au manne, na jina moja likifunika magonjwa kadhaa. Farr alishika msimamo kwamba bila majina yanayoeleweka kwa wote hakuna hesabu, akatunga mpangilio wa majina ya magonjwa ambao ni miongoni mwa mababu wa ule unaotumika duniani leo.

Mwishoni mwa mwaka 1847 homa ya mafua iliingia London. Farr alikuwa na vyeti vya vifo vilivyoandikwa na madaktari, na angeweza kuhesabu vile tu vilivyotajwa "homa ya mafua" kisha akaenda zake. Hakufanya hivyo. Alichukua vifo vyote, vya sababu zote, akavilinganisha na vile ambavyo mji ulivizoea katika wiki kama zile. Alikuta watu wapatao 5,000 zaidi ya kawaida wamekufa katika muda wa wiki chache. Kati ya hao, waliotajwa vyetini kuwa wameuawa na homa ya mafua hawakufika hata theluthi. Waliobaki walikuwa wamejificha chini ya majina mengine kama kichomi, pumu, kikohozi cha kudumu, moyo na uzee. Mafua yalikuwa yamepita katika kila safu ya daftari bila kuacha jina lake. Hesabu hiyo ndiyo tunayoiita leo vifo vya ziada, na tangu wakati huo haijapatikana njia iliyo bora zaidi ya kupima uharibifu wa magonjwa haya.

Naomba msomaji aangalie kilichoiwezesha. Hakukuwa na darubini iliyoweza kuona virusi, na nadharia ya vijidudu ilikuwa haijakubalika. Farr mwenyewe kwa miaka mingi aliamini kwamba hewa chafu ndiyo inayoleta maradhi. Alikosea kuhusu chanzo, lakini hesabu yake ilikuwa sahihi, kwa sababu kila aliyekufa London, awe lodi au mchukuzi wa makaa, alikuwa ameandikwa, na ameandikwa hata katika wiki ambazo hakuna aliyekuwa na hofu.

Sasa tuje kwetu. Mwaka 1918, vita vikiwa vinaelekea ukingoni, homa ya mafua ilizunguka dunia. Magazeti ya nchi zilizopigana yalibanwa na udhibiti wa habari za vita. Hispania, ambayo haikuwa vitani, iliandika waziwazi juu ya wagonjwa wake, ikiwamo mfalme wake. Kwa malipo ya uwazi huo ugonjwa ukapewa jina la nchi yake, na mpaka leo huitwa mafua ya Kihispania ijapokuwa hakuna ushahidi kwamba ulianzia huko. Tutaliona jambo hili tena mbele: anayetangaza kwanza huadhibiwa kwanza.

Afrika ugonjwa uliingia kwa bandari. Freetown uliufikia mwezi Agosti, na Mombasa mwezi Septemba, kwa meli zilizotoka Bahari ya Hindi. Kutoka Mombasa ulipanda reli. Ukumbuke, msomaji, ilikuwa Afrika Mashariki ya namna gani. Kwa miaka minne majeshi ya Waingereza, Wabelgiji na Wajerumani yalikuwa yamekamata wanaume kwa mamia ya maelfu kubeba risasi na chakula. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimebaki na jina la kikosi hicho cha wachukuzi. Vyakula vilikuwa vimenyang'anywa, mashamba yameachwa, na miili imedhoofika. Wachukuzi walipoanza kurudi makwao, homa ilirudi pamoja nao hadi vijiji ambavyo havijapata kumwona daktari. Von Lettow-Vorbeck alipojisalimisha Abercorn, ambayo leo ni Mbala, tarehe 25 Novemba 1918, homa ilikuwa imekwisha kuingia ndani ya safu za askari na wachukuzi wake.

Walikufa wangapi? Katika Kenya yamepata kutajwa makadirio ya watu 150,000. Kwa Tanganyika wanahistoria hutaja makumi ya maelfu, na pengo baina ya kadirio dogo na kubwa ni makumi ya maelfu vilevile. Pengo hilo halitokani na uvivu wa wanahistoria. Hakukuwa na daftari. Serikali za kikoloni hazikuwahesabu watu kwa ajili ya uhai wao. Ziliwahesabu kwa ajili ya kodi ya kibanda na kazi za lazima, na homa ilipopita, ofisa wa wilaya aliwauliza machifu na majumbe, akaitazama orodha ya walipa kodi, kisha akaandika asilimia. Mwanamke hakuwamo katika orodha ile isipokuwa kama kibanda. Mtoto hakuwamo kabisa, na mzee aliyesamehewa kodi alikuwa amekwisha kufa kikaratasi kabla hajafa kweli. Sheria ya usajili wa vizazi na vifo iliyotungwa Tanganyika mwaka 1920, mara tu baada ya msiba huo, iliwalazimu Wazungu na Waasia. Waafrika hawakulazimishwa. Sensa ya kwanza ya kutegemewa katika Afrika Mashariki haikufanyika hadi mwaka 1948, miaka 30 baada ya homa. Hata wachukuzi, ambao majeshi yalijua yamewaajiri na kuwalipa, hawakupewa hesabu kamili. Tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri hadharani mwaka 2021 kwamba zaidi ya watu 100,000 waliokufa katika vita hivyo, wengi wao kutoka Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Kuna jambo jingine ambalo huwa nawaonyesha wanafunzi wangu wa mwaka wa pili, na huwa linawanyamazisha. Mwaka 1927 mtaalamu wa Marekani, Edwin Jordan, alikadiria kwamba homa ya 1918 iliua watu milioni 21.5 duniani. Mwaka 1991 watafiti wawili, Patterson na Pyle, walipandisha hadi kati ya milioni 24.7 na 39.3. Mwaka 2002 Johnson na Mueller wakasema milioni 50, nao wakaongeza kwamba hata hiyo huenda ni nusu ya ukweli. Hakuna aliyekufa kwa homa ile kati ya mwaka 1927 na 2002. Kilichoongezeka ni Waafrika na Waasia ambao watafiti walianza kuwatafuta katika nyaraka za wilaya, za misheni na za migodi.

Vijijini homa haikusahauliwa. Kusini-magharibi mwa Tanzania kumbukumbu yake imeshikana na ya njaa, kwa kuwa waliotakiwa kulima walikuwa wamelala au wamezikwa. Lakini kumbukumbu ya wazee, hata ikiwa na utajiri wote huo, haiwezi kukupa wiki ya kawaida.

Tuharakishe kidogo. Mwaka 1933 wanasayansi wa London walifaulu kuvitenga virusi vya mafua ya binadamu kwa kuwaambukiza fereti, wanyama wadogo wa jamii ya kicheche, na mmoja wa watafiti hao akaambukizwa baada ya kupigiwa chafya usoni na mnyama wake. Baada ya Vita vya Pili kituo cha dunia cha mafua kikaundwa mjini London, na mwaka 1952 Shirika la Afya Duniani likaanzisha mtandao wa maabara za kukusanya virusi na kubadilishana habari. Mtandao huo upo mpaka leo na unagusa nchi zaidi ya 120. Mara mbili kwa mwaka, Februari na Septemba, wataalamu wake hukutana kuamua virusi gani viingizwe katika chanjo ya msimu ujao, kwanza kwa nusu ya kaskazini ya dunia, kisha kwa nusu ya kusini.

Mtandao huo ulijaribiwa mapema, na siasa ikauangusha. Mwanzoni mwa mwaka 1957 aina mpya ya mafua ilizuka kusini-magharibi mwa China. Serikali ya Beijing haikuwa mwanachama wa Shirika la Afya, kwani kiti cha China kilikuwa mikononi mwa Taiwan, kwa hiyo taarifa haikuwa na mlango wa kupitia. Dunia iliarifiwa ugonjwa ulipokwisha kufika Hong Kong. Mtaalamu wa virusi wa jeshi la Marekani, Maurice Hilleman, aliuhisi mwezi Aprili aliposoma gazetini habari ya wagonjwa waliofurika katika zahanati za Hong Kong. Akaagiza sampuli, na watengenezaji wa chanjo wakaanza kazi. Mtandao mzima wa maabara za dunia ulitanguliwa na msomaji wa gazeti.

Mwaka 1963 mtakwimu wa Marekani Robert Serfling alichapisha njia ya kulichora wazo la Farr kama wimbi: vifo vya nimonia na mafua hupanda majira ya baridi na kushuka majira ya joto, na kwa kutumia miaka iliyotangulia mtu anaweza kuchora mstari wa kinachotarajiwa kila wiki, kisha akaweka juu yake mstari wa pili, unaosema kwamba vifo vikipita hapa kuna jambo. Nchi nyingi zenye majira manne ya mwaka bado zinaufuata uchoraji huo kwa namna moja au nyingine.

Hapa ndipo kalenda ya wengine inapotubana. Karibu na ikweta wimbi halina kilele kimoja. Takwimu za Kenya zinaonyesha virusi vya mafua vikizunguka mwaka mzima, vikipanda na kushuka bila kufuata ratiba ya London wala ya Sydney. Nchi moja inaweza kuwa na pwani yenye joto na nyanda za juu zenye baridi kali, mvua za vuli na masika mahali pamoja na msimu mmoja mahali pengine. Je, chanjo ya kaskazini inatufaa, au ya kusini? Itolewe mwezi gani? Hakuna wa kutujibia. Itatubidi tuhesabu wenyewe, kwa miaka mingi mfululizo, pamoja na miaka ambayo hakuna cha kutangaza.

Na pale tulipohesabu, tumeona. Katika Kilifi, tangu mwaka 2002 watafiti wamekuwa wakiwapima watoto waliolazwa kwa nimonia ili kuvitafuta virusi vijulikanavyo kwa kifupi RSV, ambavyo hushambulia hasa mapafu ya watoto wachanga. Wagonjwa huanza kuongezeka miezi ya mwisho ya mwaka na kilele huja miezi ya mwanzo ya mwaka unaofuata, kwa utaratibu ambao daktari wa wodi anaweza kuupangia vitanda na oksijeni. Hakuna aliyeujua utaratibu huo kwa kubahatisha. Uliandikwa mtoto mmoja baada ya mwingine.

Kwa mafua yenyewe, Kenya ilianza ufuatiliaji wa vituo teule mwaka 2006 na Tanzania mwaka 2008. Kazi yake ni rahisi kuieleza na ngumu kuidumisha. Hospitali chache huchaguliwa. Mgonjwa mwenye homa ya nyuzi 38 au zaidi na kikohozi kilichoanza ndani ya siku 10 huingizwa katika hesabu, na akilazwa huhesabiwa kuwa na ugonjwa mkali. Hupitishwa kijiti chenye pamba puani na kooni, sampuli ikatiwa ndani ya ubaridi, ikasafirishwa hadi maabara ya taifa, na majibu yakatumwa kwenye hazina ya takwimu ya dunia kila wiki. Ikikosekana barafu, au mafuta ya gari, au posho ya muuguzi, wiki ile inakuwa tupu. Wiki tupu ni mbaya kuliko wiki yenye namba mbaya, kwa sababu mchoraji wa mstari hatajua kama ilikuwa ya heri au ya uzembe.

Wapo waliodhani taabu hii yote inaweza kurukwa. Mwaka 2008 kampuni ya Google ilitangaza kwamba inaweza kukisia mafua kutokana na maneno ambayo watu wanayatafuta mtandaoni. Katika msimu wa 2012 hadi 2013 makisio yake yalizidi hali halisi ya Marekani kwa takriban mara mbili, na mwaka 2015 huduma ikafungwa. Nalitaja hili kwa ajili ya maofisa wetu wanaopenda kuletewa programu mpya kila mwaka wa fedha huku stoo ya madaftari ikivuja.

Nani basi anafaidi na sampuli hizi? Swali hilo lililipuka mwaka 2007, pale Indonesia, chini ya waziri wake wa afya Siti Fadilah Supari, ilipokataa kuendelea kutoa virusi vyake vya mafua ya ndege kwa mtandao wa dunia. Hoja yake ilikuwa kwamba nchi maskini zinatoa virusi bure, makampuni yanatengeneza chanjo, kisha nchi hizo hizo zinauziwa chanjo kwa bei zisizoiweza, kama zitaipata. Alilaumiwa kwamba anaihatarisha dunia nzima, na lawama hiyo ilikuwa na uzito. Lakini bila ukaidi wake sidhani kama makubaliano ya mwaka 2011 juu ya kugawana virusi na manufaa yake yangepatikana. Novemba 2021 Afrika Kusini na Botswana zilitangaza aina mpya ya virusi vya korona ambayo baadaye iliitwa Omicron. Ndani ya siku chache wasafiri wa kusini mwa Afrika walifungiwa milango na nchi ambazo virusi hivyo vilikuwa vimekwisha kuingia. Hispania ya 1918 ingewaelewa.

Siwezi kuandika historia hii nikairuka nchi yangu. Tarehe 29 Aprili 2020 Tanzania ilitangaza wagonjwa wa korona 480 na vifo 16 kwa jumla. Siku chache baadaye Rais Magufuli alitilia shaka hadharani vipimo vya maabara ya taifa, akisema sampuli za papai na mbuzi zimerudi na majibu ya maambukizi. Baada ya hapo takwimu za nchi hazikutolewa tena kwa zaidi ya mwaka mmoja. Nasema bila ushabiki kwamba kutilia shaka maabara si dhambi. Farr aliwatilia shaka madaktari wote wa Uingereza. Maabara yenye shaka hukaguliwa, sampuli zikapelekwa mahali pengine kulinganishwa, kisha kazi ikaendelea. Kilichofanyika kwetu kilikuwa kusimamisha hesabu. Marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya mwaka 2018 yalikuwa yamekwisha kuwafundisha watafiti woga wa kutaja namba isiyokuwa rasmi, na ijapokuwa makali yake yalipunguzwa mwaka uliofuata, woga haukufutwa kwa tangazo la gazeti la serikali.

Mwanzoni mwa 2021 tukasikia katika matangazo ya misiba maneno "changamoto ya upumuaji". Nilizika jamaa na wafanyakazi wenzangu chini ya maneno hayo. Ni maneno ambayo Farr angeyakataa katika ripoti yake ya kwanza, kwa kuwa yanafunika kila kitu na hayataji chochote. Hata hivyo, njia yake ingeweza kutusaidia hata bila jina la ugonjwa, kwa kuhesabu vifo vyote na kuvilinganisha na miaka ya nyuma. Afrika Kusini ilifanya hivyo kila wiki kutokana na rejista yake ya taifa, ikagundua vifo vya ziada vilivyofikia takriban mara tatu ya vile vilivyotangazwa kuwa vya korona. Lusaka, watafiti walichukua sampuli kwa maiti 364 zilizofikishwa katika chumba cha maiti cha hospitali ya chuo kikuu katikati ya mwaka 2020. Kati ya kila maiti sita au tano, moja ilikuwa na virusi, na karibu wote hao hawakuwahi kupimwa wakiwa hai. Sisi hatukuwa na wiki ya kawaida ya kulinganishia, kwa sababu wengi wetu hadi leo tunazikwa bila cheti. Pengo lililoachwa na sheria ya 1920 lilikuwa bado wazi miaka 100 baadaye, na katika pengo hilo kila mtu aliweza kusema alilotaka, anayesema wamekufa wachache na anayesema wamekufa wengi.

Mei 2022 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba vifo vya ziada vya miaka 2020 na 2021 vilikuwa milioni 14.9 duniani, wakati vilivyoripotiwa kuwa vya korona vilikuwa milioni 5.4. India ilipinga vikali hesabu iliyopewa. Nchi nyingi za Afrika hazikuwa na cha kupinga wala cha kuunga mkono. Ziliwekewa namba iliyotokana na hesabu za kompyuta, kama vile ofisa wa wilaya alivyoweka asilimia yake mwaka 1918.

Na sasa limeongezeka jingine. Tarehe 20 Januari 2025 rais wa Marekani alitia saini amri ya kuiondoa nchi yake katika Shirika la Afya Duniani, na wiki hiyo hiyo taarifa ya kila wiki ya kituo cha magonjwa cha nchi hiyo, ambayo ilikuwa imetoka kwa miongo mingi bila kukosa, haikutoka. Mwezi uliofuata ukasitishwa mradi wa tafiti za idadi ya watu na afya ambao kwa miaka 40 umezipa nchi zetu namba za vifo vya watoto. Vituo teule vya Kenya na Tanzania vilianzishwa kwa ushirikiano na fedha za Wamarekani. Sina kinyongo na aliyetoa, lakini nashangazwa na sisi tulioona ni sawa kwamba hesabu ya vifua vya watoto wetu igharamiwe na walipa kodi wa nchi nyingine, tena bila kifungu mbadala katika bajeti.

Kwa watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu nina ombi dogo la kiofisi. Madaftari ya MTUHA yaliyojaa yasichomwe wala yasipelekwe stoo inayovuja. Kila kituo kibaki na nakala ya muhtasari wake, hata kama mfumo wa kielektroniki umekwisha kuupokea. Kwa wanafunzi wa historia wanaotafuta mada, hii hapa. Wawili kati yenu tumeanza nao katika hospitali moja ya misheni yenye madaftari ya wodi ya watoto tangu miaka ya 1960. Tunapiga picha ukurasa kwa ukurasa, tunaingiza wiki kwa wiki: kikohozi, kichomi, surua, waliotoka, waliokufa. Tumefika mwaka 1974. Kurasa za 1969, mwaka uliofuata mafua ya Hong Kong, ambazo ndizo tulizozitaka kuliko zote, tulizikuta zimeliwa na mchwa kuanzia mwezi Machi hadi Agosti.